Link's Awakening kwenye Game Boy: haiwaki, haisevu, au umekwama? Tafuta tatizo lako hapa

Link's Awakening, gemu ya Zelda ambayo unamchezesha Link akiwa kisiwani, ilitoka 1993 kwenye Game Boy ile ya kijivu, ikarudi na rangi 1998 kwa jina la DX, afu 2019 ikatengenezwa upya kabisa kwa Nintendo Switch. Watu bado wanairudia, na wengi wanataka kuirudia kwenye mashine ya mkononi kama ilivyokuwa mwanzo, na hapo ndo matatizo yanaanza, manake unashika kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 30 na unategemea kiwake kama cha jana.

Kabla hujashika bisibisi jiulize kwanza tatizo ni la nani. Ni la mashine, la katriji (kile kipande chenye gemu unachochomeka), la batani, au ni gemu yenyewe inakutaka ufanye kitu ambacho hujakifanya? Mimi nimeona katriji nzima kabisa zinafunguliwa na kuharibiwa kwa sababu tu batani moja ya Select ilikuwa chafu, na hilo linauma kweli. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati. Katriji ileile kwenye mashine nyingine, mashine ileile na katriji nyingine. Ukishajua ugonjwa unamfuata nani, nusu ya kazi imeisha.

Haiwaki, au taa inawaka afu inazima

Anza na betri hata kama umeambiwa ni mpya. Game Boy ya kwanza inakula AA nne, na zile zilizofuata, Game Boy Pocket inakula AAA mbili, Color na Advance zinakula AA mbili. Fungua mlango wa betri uangalie vile vyuma vya kugusana, ukiona unga mweupe au ukijani hapo betri za zamani zilivuja. Chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo sugua hadi unga uishe, afu pitisha pamba nyingine yenye spiriti, acha ikauke vizuri ndo uweke betri. Kama chuma kimeliwa hadi kimekatika hapo siki haisaidii, kinabadilishwa.

Betri za kuchaji za 1.2V zinafanya kazi, usiogope, ila taa inaweza kuonekana hafifu mapema kidogo. Taa ikififia kila ukitikisa mashine, hiyo sio chaji, ni mgusano mbaya, au ni swichi ya kuwashia imejaa uchafu. Swichi iwashe na kuizima mara kadhaa bila betri, mara nyingi inajisafisha yenyewe.

Na tafadhali, ukitumia adapta ya ukutani soma kwanza kilichoandikwa. Game Boy ya kwanza inataka 6V, Pocket na Color zinataka 3V, na chanya na hasi za pini lazima zilingane na za mashine yako. Ukichomeka ya kinyume unaweza kuiua mashine ambayo ilikuwa nzima.

Inawaka lakini logo imevurugika au ni bonge jeusi tu

Hii ndo malalamiko namba moja, na habari njema ni kwamba karibu kila mara ni uchafu. Ukiwasha Game Boy, kile kijiprogramu kidogo kilichomo ndani ya mashine kinasoma picha ya logo kutoka kwenye katriji, kinaishusha kwenye skrini, afu kinailinganisha na nakala yake. Zisipofanana mashine inagoma hapo hapo, haiendelei. Kwa hiyo ukiona logo ina mikwaruzo au herufi zimekatika maana yake kuna pini haisomi. Ukiona bonge jeusi linashuka, mashine haioni katriji kabisa, na hata bila katriji Game Boy ya kijivu inaonyesha hilo hilo bonge.

Usipulize. Najua kila mtu alifundishwa kupuliza, ila pumzi ina unyevu na unyevu unaleta kutu taratibu. Chukua spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, lowanisha pamba ya masikio, sugua zile pini za dhahabu za katriji juu chini hadi pamba itoke nyeupe. Utashangaa uchafu mweusi unaotoka. Subiri ikauke, chomeka na kuchomoa mara kadhaa ili na upande wa mashine ujisugue. Kama imeshindikana rudia tena kabla hujakata tamaa, katriji zilizokaa sana kwenye droo zinahitaji raundi mbili tatu.

Skrini ina mistari, haionekani, au picha imenenepa

Mistari ya wima iliyopotea kwenye Game Boy ya kijivu ni ugonjwa wake maarufu, mgusano wa utepe chini ya kioo umelegea kwa uzee. Watu wanaitibu kwa kufungua mashine na kupitisha pasi ya kulehemu yenye joto dogo taratibu juu ya ule mkanda wa chini, mistari inarudi mmoja mmoja huku unaangalia. Inafanya kazi kweli, ila ukizidisha joto au kukandamiza unaua mistari mingine, kwa hiyo jifunzie kwenye mashine mbovu. Mistari ya mlalo ni mgusano wa pembeni, huo ni mgumu zaidi.

Skrini nyeusi yote au nyeupe yote, zungusha kwanza gurudumu la kontrasti pembeni. Inaonekana kitu kidogo lakini limezungushwa mfukoni mara nyingi sana.

Picha kuwa pana na Link kuonekana amenenepa, hiyo ni Game Boy Advance na umegusa L au R, batani hizo zinanyoosha na kurudisha picha za gemu za zamani. Bonyeza ile nyingine, kwisha. Na kama umenunua Game Boy Micro au Nintendo DS ukitegemea kuichezea hii, hapana, hizo hazipokei katriji za Game Boy kabisa. Game Boy Advance SP inapokea, na kwa maoni yangu SP yenye taa ndo njia tamu kuliko zote kwa mtu asiyetaka kufungua fungua mashine.

Nasevu lakini nikirudi hakuna kitu

Hapa tukae kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapoteza masaa yao, na makosa ya kupima ni mengi.

Kwanza unasevu vipi? Gemu hii haina sehemu ya kusevu kwenye menyu ya Start. Unabonyeza A, B, Start na Select zote nne kwa pamoja, inatokea menyu ya kusevu na kutoka. Wanaoirudia baada ya miaka mingi wanasahau, wanazima tu mashine, kesho yake wanasema betri imekufa. Ukifa pia gemu inakuuliza kama unataka kusevu, ila idadi ya vifo inahesabiwa kwenye faili lako, na ukimaliza bila kufa hata mara moja kuna picha ya ziada mwishoni, kwa hiyo kama unaitaka usifanye kifo kuwa njia ya kusevu.

Pili, batani zako ni nzima? Zote nne lazima zishike kwa wakati mmoja, na Select ndo huwa inakuwa ya kwanza kufa kimya kimya kwa sababu haitumiki sana. Kuipima ni rahisi, simama nje kisiwani (sio ndani ya pango) ubonyeze Select peke yake, ramani ikifunguka Select ni nzima. Start inafungua vitu ulivyonavyo. A na B unazijua tayari kwa upanga na ngao. Kama ramani haifunguki, au inafunguka ukikandamiza kwa nguvu tu, tatizo sio betri ya katriji hata kidogo, ni ile raba nyeusi chini ya batani na njia zake kwenye bodi. Fungua mashine (mara nyingi bisibisi ya miguu mitatu), safisha bodi na raba kwa spiriti, usizikwangue, funga.

Tatu, sasa ndo tuje kwenye betri. Ndani ya katriji kuna kipande cha kumbukumbu kinachoshika faili lako, na kikikosa umeme kinasahau kila kitu. Mashine ikiwa imewashwa inakipa umeme yenyewe, ikizimwa betri ndogo ya 3V iliyo ndani ya katriji ndo inakishikilia. Kwa hiyo pima hivi: sevu, chagua kutoka, urudi kwenye skrini ya majina bila kuzima. Faili lipo? Vizuri, kumbukumbu inaandika. Sasa zima, subiri dakika kadhaa, washa. Limepotea? Betri imekufa. Lipo, zima tena uiache usiku mzima, kwa sababu betri inayokaribia kufa inaweza kushika faili kwa muda mfupi tu. Afu kama faili linapotea siku moja moja bila mpangilio, rudi kwenye usafi wa pini na betri za mashine kabla ya kulaumu hiyo ya ndani, manake umeme unaoyumba wakati wa kuwasha unaweza kuvuruga kumbukumbu nzima.

Kubadilisha betri: katriji inafunguliwa kwa bisibisi maalumu ya 3.8 mm. Angalia namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, katriji za Game Boy nyingi zina CR1616 au CR2025, weka ile ile iliyokuwemo usibahatishe, nene sana haifungi vizuri. Nunua yenye vile vipande vya chuma vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani, usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu, inaweza kupasuka. Angalia chanya na hasi kabla hujatoa ya zamani, piga picha. Na gundi ya karatasi au selotepu kushikilia betri badala ya kulehemu siipendekezi kabisa, inashika wiki mbili afu unaanguka na kisiwa chako nusu ya safari.

Ukitoa betri ya zamani faili lililomo linapotea. Kama bado inashika na unalipenda faili hilo, labda ni la ndugu yako au la ulipokuwa mtoto, tafuta kwanza kifaa cha kusoma katriji kinachochomekwa kompyuta kwa USB, nakili faili, badilisha betri, lirudishe. Usikurupuke hapa, likienda limeenda.

Na ikiwa umefungua ukakuta hakuna betri, au bodi haina maandishi ya mtengenezaji, hiyo katriji ni feki. Feki nyingine zinasevu vizuri, nyingine haziwezi, na ukihangaika nazo sana unapoteza muda tu.

Kuna dalili moja inawatisha watu bure, muziki wa skrini ya majina umebadilika ghafla. Mmeandika jina ZELDA. Gemu ina wimbo tofauti kwa jina hilo, haijaharibika.

Gemu haijaharibika, umekwama

Hizi ndo zile ambazo mtu anakuambia "imeganda" au "ina bagi" kumbe sivyo.

*Msitu unanirudisha pale pale.* Upo Mysterious Forest, kuna rakuni anakucheka na kila ukienda kaskazini unapotezwa. Ndivyo ilivyotengenezwa. Tafuta uyoga ndani ya msitu huo huo, mpelekee mchawi kwenye kibanda chake akutengenezee unga, rudi ummwagie rakuni. Nisimalize utamu wake kama hujawahi kuona anageuka kuwa nani. Hapo ndo njia ya kwenda kwenye Tail Key, ufunguo wa pango la kwanza, inafunguka.

*Sina hata upanga.* Upanga upo ufukweni kusini, ila kuna viumbe wa miiba wanaziba njia, wasukume kwa ngao aliyokupa Tarin.

*Bottle Grotto, chumba cha maadui watatu, nimewaua wote hakuna kilichotokea.* Mpangilio. Kile chenye masikio marefu (Pols Voice) kwanza, afu popo, mifupa Stalfos wa mwisho. Ukikosea toka urudi. Na bosi wa pango hilo, jini aliye kwenye chupa, haguswi akiwa ndani, piga chupa kwa upanga, inyanyue kwa Power Bracelet uitupe ukutani, rudia hadi ivunjike, ndo upigane naye mwenyewe.

*Siingii pango la tatu.* Unahitaji Slime Key. Richard anataka majani matano ya dhahabu kutoka Kanalet Castle, akishapata anakuruhusu uende kwenye uwanja wa mashimo, ila ufunguo umefukiwa, kwa hiyo bila koleo utazunguka hapo hadi kesho. Koleo linauzwa duka la kijiji cha Mabe kwa rupii 200 (pesa za humo kwenye gemu). Wengi wanakwama hapa kwa sababu waliliona dukani mapema wakaliona ghali wakaliacha.

*Angler's Tunnel, sakafu inang'aa.* Ule mng'ao ndo jibu, unakuonyesha utembee vipande vipi kwa mpangilio gani. Tazama mara moja kabla ya kukanyaga.

*Face Shrine, vichwa vya farasi.* Vinyanyue uvirushe, vyote viwili vinatakiwa visimame wima. Ni bahati kidogo na mkono kidogo, hakuna siri nyingine.

*Eagle's Tower.* Ule mpira wa chuma unaubeba wewe mwenyewe chumba hadi chumba na kuvunja nguzo nne. Ukiuacha mahali pabaya unaona kama umejifungia, kaa chini ufikirie ghorofa kwa ghorofa, njia ya kuuzungukia ipo. Hili kwangu ndo pango bora kuliko yote humu, na ndilo watu wanalofungulia video za majibu mapema kuliko wanavyopaswa.

*Kila mtu ananiita THIEF.* Uliiba dukani. Jina halirudi kwenye faili hilo, na ukirudi dukani mwenye duka anakuua. Kama hutaki hivyo anza faili jipya.

*Nimeingia kwenye Yai vyumba vinajirudia bila mwisho.* Njia sahihi imeandikwa kwenye kitabu maktabani Mabe, maandishi ni madogo huwezi kuyasoma bila lenzi, na lenzi inapatikana ukimaliza mnyororo wa kubadilishana vitu unaoanzia na mwanasesere wa Yoshi kwenye Trendy Game. Usinakili njia ya rafiki yako, njia haiko sawa kwa kila faili. Kama Yai lenyewe ndo halifunguki, unahitaji ala zote nane na wimbo aliokufundisha Marin, upige okarina ukiwa mbele yake.

*DX, pango la rangi halifunguki.* DX inacheza kwenye Game Boy ya kijivu bila rangi, lakini pango la ziada linahitaji Game Boy Color au mashine inayofanana nayo. Hakuna ujanja.

Kuna kukwama kumoja kwa kweli kweli. Kwenye matoleo ya mwanzo ya 1993, ukibonyeza Select wakati ule ule unavuka kutoka skrini moja kwenda nyingine unaweza kurushwa upande wa pili wa skrini inayofuata. Watu wanaoshindana kumaliza haraka wanaipenda, ila wewe unaweza kujikuta umeruka mlango bila ufunguo na kuvuruga mpangilio wote. Ilirekebishwa kwenye toleo la baadaye na kwenye DX. Kama una katriji ya mwanzo, usiguse Select ukiwa ukingoni mwa skrini, na sevu *kabla* ya kujaribu, sio baada. Ukifungua faili unaanzia mlango wa mwisho uliopita, kwa hiyo mara nyingi kutoka na kurudi kunakutoa ulipojibana.

Kwenye mashine za kisasa na emuleta (programu zinazoiga Game Boy)

Picha inaonekana ina vipande visivyolingana, maandishi mengine manene mengine membamba. Skrini ya Game Boy ni 160 kwa 144, na ukiinyoosha kwa kipimo kisicho kamili vipikseli vinakuwa havilingani. Washa kipimo cha namba kamili kwenye mipangilio, kwa skrini ya 640 kwa 480 unapata mara tatu, yaani 480 kwa 432, na mpaka mweusi pembeni. Uvumilie huo mpaka, picha ni safi mno. Analogue Pocket, mashine ya kisasa inayochezea katriji hizi, ina 1600 kwa 1440, mara kumi kamili, ndo maana inapendeza vile.

Faili limepotea kwenye emuleta: hapa kuna aina mbili za kusevu na zinagombana. Ile ya emuleta inapiga picha ya kumbukumbu yote, pamoja na faili la gemu. Ukifungua picha ya juzi inarudisha na faili la juzi juu ya ulilosevu leo. Chagua moja uishike, mimi nashauri ile ya gemu yenyewe, batani nne. Afu toka kwenye emuleta kwa menyu yake, usizime mashine kwa kushikilia batani ya umeme, kwa sababu emuleta nyingi zinaandika faili kwenye memori kadi pale unapofunga gemu tu. RetroArch, programu maarufu ya kuendeshea emuleta, ina mpangilio wa kuandika kila baada ya sekunde kadhaa, uwashe.

Kwenye Switch, DX ipo kwenye huduma ya Game Boy tangu Februari 2023, Start ni + na Select ni −, kwa hiyo kusevu ni A, B, + na − pamoja. Na kama unacheza ile ya 2019 ukaona inakwama kwama ukitoka ndani ya nyumba kwenda nje, usirudishe mashine dukani wala kufuta na kupakua upya, gemu yenyewe inashuka kutoka fremu 60 kwa sekunde hadi 30 pale inapopakia eneo na kila mtu anaiona hivyo.